Idd Pili Nilipogeuzwa Bembea

Watoto wa kaka yangu Idd Mosi hula pilau, Idd Pili hudai bembea, na safari hii wakadai bembea pamoja na shangazi. Sikubembelezwa. Kiti mwendo changu cha umeme nilishakiringishia mtaa wetu wa Ngarenaro, hapa Arusha, wote, nikaona sasa na wengine wafaidi.

Alinitumia shemeji aliyeko Ujerumani. Kina kilo 60 na ushee kabla sijakaa, na nikishakaa tusiulizane. Kwenye bajaji hakiingii, kwa hiyo tulikodi kirikuu: kiti kikapanda nyuma, kimeshikwa na vijana wa kijiweni kama jeneza la mheshimiwa, mimi nikakaa mbele na dereva. Watoto sijui walikaa wapi, ila wote walifika.

Uwanja wenyewe jina tuliache. Mlinzi wa getini alinipa shikamoo yangu, akakizunguka kiti, kisha akachuchumaa nyuma, nadhani akitafuta namba ya usajili.

"Mama, vyombo vya moto vinabaki paking."

"Mwanangu, hii ndiyo miguu yangu."

"Basi miguu ibaki paking, wewe tutakubeba."

Nikamtajia Sheria ya Watu wenye Ulemavu, namba 9 ya mwaka 2010. Akauliza kama nimekuja na nakala. Hapo Salma, wa darasa la tano na mdomo wa chuo kikuu, akamwuliza yeye viatu vyake ameviacha paking gani. Tukapita.

Tulipita kwa sharti moja: niwe na msindikizaji. Nikapewa kijana mwenye kizibao cha kung'aa, mpole, mwenye moyo mzuri kupita kiasi. Watu wa namna hiyo nawaogopa kuliko mbwa.

"Nitakusukuma, mama."

"Kinajiendesha chenyewe, baba."

"Pumzika tu, leo sikukuu."

Akasukuma. Kiti hakikutikisika. Breki za viti hivi hujifunga kwa springi, umeme ndio unaozifungua. Usipogusa kijiti cha kuendeshea, hata mje mtaa mzima. Kijana akainama, akaegemeza bega, viatu vikateleza kwenye changarawe. Mimi nimekaa, nakula bisi. Sitaficha kwamba nilikuwa nafurahi.

Kisha akakiona kile kishikio chekundu karibu na gurudumu la nyuma. Fundi aliyenikagulia kiti, aliyesomea TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia pale hospitali ya KCMC Moshi, alishatuonya: kile kinaachanisha mota na magurudumu, na breki zinakwenda nayo. Ni cha kusukumia kiti kikiharibika, tena sehemu tambarare. Kabla sijameza bisi nikasikia *klak*.

"Kha! Kumbe kina gia!"

Sehemu tambarare, Arusha? Mji huu wote umeegemea Mlima Meru. Ukidondosha chungwa, lenyewe linajua pa kwenda.

Kijana akanisukuma vizuri tu, mpaka simu yake ilipoita. Mkono mmoja akapokelea. Muziki ulikuwa mkubwa, kwa hiyo mkono wa pili akazibia sikio.

Kiti kilianza taratibu, kwa heshima. Nikavuta kijiti: *ti! ti! ti!* Taa zinawaka, mota haimo. Kilichobaki kinafanya kazi ni honi, nikaing'ang'ania hiyo hiyo. Tukapita jumba la upepo la kurukia, tukapita muuza ubuyu, tukapita akina mama waliotandika khanga. Mmoja akanipa shikamoo. Marahaba yangu nadhani ilipokelewa na jirani yake. Baibui limejaa upepo, watoto wanashangilia, na nyuma nasikia kizibao kinakimbia, simu bado iko sikioni: "Nipigie baadaye, nimepoteza mgonjwa!"

Mgonjwa! Mimi niliyemaliza sahani mbili za pilau jana yake!

Tairi chakavu ndizo zilizotuokoa. Zilikuwa zimepangwa kuzungushia sehemu wanakokodisha vigari vya betri vya watoto, na mimi niliingia kwenye pengo, nikaegeshwa sawasawa kati ya jeep nyekundu na kigari cha waridi. Hata dereva wa kirikuu asingeweza kupanga vile.

Nikiwa bado natafuta pumzi, kitoto cha kama miaka minne, aiskrimu inamtiririka mpaka kwenye kiwiko, kikaja, kikaniangalia, kikaweka tiketi mapajani mwangu. Nyuma yake mama yake ameshatoa simu ya picha.

"Kaka, hiki dakika tano shilingi ngapi?"

Mwenye vigari aliniangalia mimi, akaangalia kiti, akaangalia foleni iliyokwisha kuanza. Biashara anaijua.

"Hiki elfu tatu. Kina dereva wake."

Salma akafika anahema, akarudisha kile kishikio, *klak*. Nikadhani ataniuliza kama nimeumia.

"Shangazi, mwambie nusu kwa nusu."

Wakakubaliana kabla mimi sijaulizwa. Kijana wa kizibao akapewa kazi ya kupanga foleni, na simu akanyang'anywa. Abiria wangu wa kwanza akapanda mapajani na aiskrimu yake, tukazunguka, honi anaibonyeza yeye, baibui langu anafutia mikono yeye. Muda ulipokaribia kwisha akagoma kushuka, akamlilia mama yake:

"Mama, tumnunue huyu bibi!"

Bibi? Nilimshusha pale pale, na dakika moja ikabaki kwangu.