Chuo Chini ya Bahari

Mwaka wa pili wa diploma ya upimaji ardhi, Dar es Salaam, nilishaamua moyoni kwamba levo, kifaa cha kupimia vimo, ni kazi ya wazee. Unasimamisha darubini kwenye miguu mitatu juani, mwenzako anashika stafu, ile fimbo ndefu yenye namba, unasoma nyuma, unasoma mbele, unaandika, unahama. Hatua sitini mbele, unaanza upya. Kipokezi cha GPS unakisimika, unamenya muwa wako, namba zinakuja zenyewe. Sasa nijitese kwa kitu ambacho nitakapoajiriwa kitakuwa makumbusho?

Ikaja kazi ya kupima vimo vya mtaro kutoka kantini hadi bondeni, kuanzia benchimaki ya getini, yaani alama ambayo kimo chake kinajulikana. Wenzangu wakabeba levo. Mimi nikaazima kipokezi kwa kaka mmoja wa mtaani anayepima viwanja. Chai ya saa nne ilinikuta nimemaliza. Nikachora, nikapaka na rangi, nikakabidhi wa kwanza.

Mwalimu akaitazama karatasi, akavua miwani.

"Kijana, kantini iko wapi?"

"Si ile pale, mwalimu, nyuma ya utawala."

"Umeandika mita hasi 15.2, chini ya bahari. Wale wanaokula ugali pale wanapumua na nini?"

Darasa likavunjika mbavu. Na bado nasema setilaiti haikukosea. Yenyewe hupima kutoka kwenye umbo la dunia la kimahesabu, mfano wa chungwa lililokaliwa kidogo, na pwani yetu usawa wa bahari uko zaidi ya mita 20 chini ya umbo hilo. Lazima usahihishe. Kulikuwa na kipindi kizima cha jambo hilo. Siku hiyo nilikuwa kiti cha nyuma, namwelekeza mwenzangu programu ya simu itakayotuondolea shida ya kuja darasani.

Adhabu: nirudie kwa levo, Jumamosi, kwenda na kurudi. Marafiki wote ghafla wakawa na misiba. Aliyekubali kunishikia stafu ni mtoto wa mama lishe wa kantini, yuko darasa la tano, malipo soda moja.

Mvua ilikuwa imenyesha. Kufika karibu na kantini, stafu inazama topeni. Nikajiona mjanja: nikachukua ndoo ya lita 20, nikaifudikiza, stafu ikakaa juu yake kama mfalme. Nikasoma. Nikahamisha miguu mitatu, nikaweka kiputo cha levo sawa, nikamwona dogo amesimama wima, stafu imenyooka. Nikasoma tena. Raha tupu.

Niliporudi getini nikajumlisha; ukirudi ulipoanzia, kupanda na kushuka kote kunatakiwa kutoa sifuri. Kosa lililoruhusiwa lilikuwa milimita 15. Langu 362. Nikarudia hesabu mara tatu kwa mkono. Simu nayo ikasema 362.

Nikaenda kula maana sikuwa na la kufanya. Mama lishe ameinama, anaosha sahani. Ndani ya ndoo.

"Shikamoo mama. Hiyo ndoo si ilikuwa pale topeni?"

"Marahaba. Sasa wateja ningewapa sahani chafu, mwanangu? Ulipokuwa unahangaika na mamiguu yako nikamwambia huyu anipe."

"Nikampa," dogo akadakia kwa fahari, "nikaiweka fimbo palepale. Sijasogea hata kidogo!"

Nikaomba ndoo, nikatoa tepu mfukoni. Sentimita 36 na ushei. Nikamnunulia dogo soda yake, kosa si lake. Tena nikamwongezea andazi.

Jumamosi iliyofuata mama aliniona natokea kwa mbali na miguu mitatu begani, akaikumbatia ndoo.

"Wewe mpima, leo sikupi! Chukua jiwe lile pale. Jiwe haliitwi kuosha vyombo."