Barua Themanini na Mbili, Jina Moja

Darasa la Tano, wanafunzi 82, kipindi cha dakika 40. Ukipiga hesabu, kila mtoto anapata sekunde 29 za mwalimu wake. Ndiyo maana tunauegemea ubao, na ubao huohuo ndio ulionifikisha ofisini kwa mwalimu mkuu.

Somo lilikuwa barua ya kirafiki, nami nilianza vizuri tu. Anwani ya mwandishi juu, upande wa kulia: jina la shule, S.L.P., mji. Chini yake tarehe. Ruka mstari mmoja, rudi kushoto, "Mpendwa Mama," na mkato. Hapo kwenye anwani ndipo penye vita. Wengine huiweka katikati kama tangazo la mnada, na kila mwaka hakosi anayepachika "YAH: KUKUSALIMIA", maana barua pekee aliyowahi kuiona nyumbani kwao ilitoka serikali ya kijiji.

Kufika kwenye kiini, zimebaki dakika 15. Nikaona nisipoteze muda, niwaandikie mfano mzima. Tujifanye mko likizo kwa bibi, nikawaambia, mnamwandikia mama. Nikashika chaki:

"Mpendwa Mama,
Mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yangu. Ama baada ya salamu, dhumuni la barua hii ni kukujulisha kuwa nimekukumbuka sana. Ijumaa nitakuja. Usimwambie baba, nataka nimshtukize.
Wako akupendaye,"

Chini yake nikaandika jina langu kamili, ili waone jina la mwandishi linakaa wapi.

Kila kosa hapo lilikuwa na sababu yake nzuri. "Mwanao" sikuiweka kwa kuwa wapo wanaoishi na shangazi au babu, nikataka mwisho unaomfaa kila mtu. "Shikamoo" niliiacha makusudi, nione nani ataikumbuka mwenyewe. Neno hilo moja lingeniokoa.

Kisha nikasema: "Haya, andikeni barua kama hii."

Mwalimu wa shule ya msingi hatakiwi kuitamka sentensi hiyo mfano ukiwa bado ubaoni. Tangu Darasa la Kwanza mtoto amefundishwa kwamba kilichoko ubaoni kinahamia daftarini, herufi kwa herufi, na akiruka kitu anaulizwa. Kwake "kama hii" maana yake ni hii. Wakaandika hii.

Sikuona kitu. Nilipita kati ya madawati nikikagua mpangilio: anwani ipo, tarehe ipo, mkato upo. Kiini sikukisoma. Daftari 82 kwa dakika tatu kila moja ni saa nne na ushee, nami nilikuwa na zamu wiki hiyo. Nikawaambia wachane karatasi ya katikati, pale penye pini, ili daftari lisifumuke, kisha waende wakasome barua nyumbani. Hilo nalitetea mpaka leo: barua isiyo na msomaji ni zoezi la mwandiko tu.

Jumatatu asubuhi nikaitwa. Ofisini kakaa baba mmoja, kofia magotini, karatasi mkononi. Mkewe, kama mama yeyote, alikuwa ameihifadhi barua ya bintiye kabatini katikati ya kanga, kisha akaenda msibani kijiji cha jirani. Mzee akaiokota. Na binti ana mwandiko mzuri kuliko wangu. Mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha kuuinamisha.

Akaisoma kwa sauti, pole pole. Alipofika "upeo wa macho yangu" akanyamaza, akaniangalia, akaendelea. Kisha akasema:

"Ijumaa nimekusubiri, Mwalimu. Hukuja."

Nikaeleza ni mfano. Mwalimu mkuu, kwa nia njema kabisa, akaagiza watoto wachache waje na barua zao kama ushahidi. Zikaja kumi na nne. Zote "Mpendwa Mama", zote "usimwambie baba", zote na jina langu. Mzee akazipanga mezani kama karata, akazihesabu mara mbili.

"Kumbe ni kijiji kizima," akasema.

Aliyeniokoa ni yule binti mwenyewe. Aliulizwa kwa nini hakuandika jina lake. Akajibu, "Mwalimu alisema tusibadilishe kitu." Sikusema hivyo siku ile. Nilisema mwaka jana, kwenye imla.

Wiki iliyofuata nikaacha mifupa tu ubaoni, yenye mapengo: "Mpendwa ........, mimi ni ........". Watoto 17 wakanakili nukta zote kwa uaminifu, wengine kwa rula. Mara ya tatu ndipo nilipopata dawa. Dakika kumi za kwanza hakuna kalamu: kila dawati linasimulia habari moja ambayo kweli lingependa kuipeleka nyumbani, kama mbuzi aliyezaa, au kiatu kilichokatika. Ubaoni naandika maneno ya msaada sita tu, yale magumu kuyaendeleza. Mfano nausoma kwa mdomo, au nauandika kisha naufuta kwa dasta kabla daftari halijafunguliwa. Kinachobaki ni mchoro wa mistari ya chaki unaoonyesha kila sehemu inakaa wapi, bila neno hata moja ndani yake. Barua zinakuja fupi, zimejaa makosa ya tahajia, na kila moja ina habari yake.

Mzee naye aliniandikia, akampa bintiye aniletee. Anwani mbili, ya mwandishi kulia na ya mwandikiwa kushoto. Tarehe. "YAH: KUKUMBUKWA KWA MKE WANGU", herufi kubwa, imepigiwa mstari. "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimeridhika na maelezo yako." Sahihi, jina, na mwisho kabisa: "Nakala: Mwalimu Mkuu."

Nikampa 9 kati ya 10. Baada ya "Ndugu Mwalimu" alisahau mkato.