Arobaini ya Pili Haina wa Kukupikia Uji

Lile tangazo la upasuaji wa kupunguza tumbo limerudi tena kwenye simu za kina mama. Picha mbili: kushoto tumbo linaning'inia, kulia limenyooka kama meza ya kupigia pasi. Chini yake unaahidiwa kwamba ni "kitu kidogo" tu: unaingia asubuhi, jioni uko kwako. Ukifika kwako unafanya nini, na nani yuko jikoni, tangazo liko kimya.

Kabla hamjanirukia: sina ugomvi na mwanamke anayetaka kupunguzwa ngozi ya tumbo. Wanaoniudhi zaidi ni wale wa "si ungefunga mkaja tu". Mkaja unashikilia kiuno na kukupa nafuu ya mgongo siku za mwanzo, basi. Ngozi iliyobeba mapacha au mtoto wa kilo nne imekatika nyuzi zake kwa ndani, na ile michirizi ndiyo ushahidi. Hairudishwi na kitambaa, wala mafuta ya nazi, wala krimu ya bei mbaya. Mazoezi yanajenga msuli, hayakati ngozi. Kwa hiyo nakubali, shingo upande, kwamba kama ngozi imekunjika mpaka inatunza jasho na kutoa vipele chini yake, kisu ndicho kitakachoiondoa.

Ila jua kwanza una nini. Lala chali, kunja magoti, weka vidole juu kidogo ya kitovu, kisha inua kichwa. Vidole viwili au zaidi vikizama katikati, misuli imeachana; muone mtaalamu wa mazoezi tiba umpe miezi kadhaa kabla ya kuwaza kisu. Kitovu kikichomoza ukikohoa, huenda ni ngiri, na hilo ni la hospitali, si la urembo. Halafu lishike tumbo lenyewe. Linalokuja mkononi kama donge la chapati lililopumzishwa ni ngozi na mafuta ya juu. Lililo gumu na la mviringo, lisiloshikika, mafuta yake yamejificha ndani kuzunguka utumbo, na hakuna daktari wa urembo atakayeyafikia huko. Kunyonya mafuta peke yake kwenye ngozi iliyolegea? Ni kutoa sufi kwenye mto na kubaki na foronya.

Sasa hicho "kitu kidogo" chenyewe. Unapigwa nusu kaputi. Unachanwa kutoka nyonga moja hadi nyingine, chini kabisa, mara nyingi palepale penye kovu la upasuaji wa uzazi. Ngozi inabanduliwa kutoka kwenye misuli hadi karibu na mbavu, misuli inashonwa ikutane katikati, ngozi inavutwa chini, inayozidi inakatwa, kisha kitovu kinatobolewa tundu jipya. Kazi hiyo inachukua saa mbili hadi nne. Michirizi ya chini ya kitovu inaondoka na ile ngozi iliyokatwa. Ya juu unabaki nayo, imeshushwa tu.

Lakini hayo ni ya daktari. Yako yanaanza ukirudi nyumbani, na hapa ndipo hasira yangu ilipo.

Bibi zetu walimpa mzazi siku arobaini. Anakandwa, anapikiwa uji wa pilipili manga, mtoto anabebwa na wengine. Upasuaji huu unadai wiki sita, yaani arobaini na siku mbili juu yake. Tofauti ni kwamba ya kwanza mtaa mzima ulikuja na vyungu, na hii umeificha. Umeaga kwamba unasafiri kidogo. Wifi hajui, mama mkwe ndiyo kabisa asijue. Kwa hiyo unarudi na mirija miwili inayotoka tumboni, kila mmoja na kichupa chake, unavimwaga mwenyewe na kuandika kipimo. Mirija mara nyingi haitolewi mpaka maji yashuke chini ya mililita 30 hivi kwa saa 24. Wiki ya kwanza unatembea umeinama kama mtu anayetafuta sindano sakafuni, unalala na mito mgongoni na chini ya magoti, na ukikohoa unakumbatia mto.

Na usinyanyue kitu cha kuzidi kilo tano. Mtoto wa mwaka mmoja ana kilo tisa au kumi. Ndoo ya lita ishirini hesabu mwenyewe. Kusonga ugali wa watu sita ni kazi ya tumbo, hata kama hujawahi kuifikiria hivyo. Baadhi ya dawa za maumivu nazo zinafunga choo, na kujikamua kunavuta nyuzi zilizoshona misuli. Papai na maji ya kutosha viwepo tangu siku ya kwanza. Ukinyanyua mapema unaweza kurudi na maji chini ya ngozi, yanacheza ukigusa, yanavutwa kwa sindano leo na wiki ijayo tena.

Mengine kwa haraka. Ukivuta sigara au shisha, acha wiki nne kabla na nne baada, maana ngozi iliyobanduliwa inaishi kwa damu kidogo, na moshi unaipunguza mpaka kipande kinaweza kufa. Kama tundu la hereni lilikuvimbia kovu, mwambie daktari mapema. Mwambie pia kuhusu vidonge vya uzazi wa mpango, kwa sababu baadhi vinaongeza hatari ya damu kuganda, na hiyo ndiyo inayoua. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikakata ghafla, ni hospitali usiku huohuo. Wanaokimbilia Uturuki na India wakumbuke ile safari ya ndege ya kurudi, wamekaa saa nyingi bila kunyoosha miguu.

Uwe umemaliza kuzaa, umeacha kunyonyesha angalau miezi sita, na uzito umetulia. Tafuta jina la daktari kwenye orodha ya Baraza la Madaktari Tanganyika, au KMPDC, baraza la madaktari la huko, kwa walio Kenya, na uone kama kweli ni bingwa wa upasuaji rekebishi. Uliza daktari wa usingizi ni nani, damu ya kukuongezea iko wapi, na bei ikoje ukirudishwa chumba cha upasuaji mara ya pili. Kliniki iliyo juu ya saluni ikinuna kwa maswali hayo, shuka ngazi ukasuke nywele.

Kisha mwambie mtu mmoja ukweli: dada, shoga, hata huyo wifi. Atakayelala kwako wiki mbili za mwanzo, ambebe mtoto, aamke saa kumi na moja kumwandaa wa chekechea. Kama jina lake bado halijakujia, usilipe hata hiyo pesa ya utangulizi.