Nani Alisema Maharagwe ya Kuchemshiwa ni ya Wavivu?

Mapishi ya "dakika kumi na tano" yanayosambazwa mitandaoni yana ujanja mmoja: saa huanza kuhesabiwa mafuta yakiwa tayari yamepata moto. Kitunguu kimeshamenywa, nyanya zimeshakatwa, kuku ameshatolewa mifupa na amelala kwenye viungo tangu jana. Hakuna anayehesabu kuosha sufuria ya asubuhi iliyobaki kwenye sinki kwa sababu maji yalikuwa yamepotea, wala kushuka ngazi kwenda dukani kutafuta kiberiti. Halafu ukishindwa unaambiwa huna nidhamu.

Nidhamu tunayo, maana tunaamka saa kumi na moja alfajiri. Hapa Nairobi, anayefanya kazi Westlands na kulala Umoja huvuka jiji mara mbili kwa siku, na mvua ikianza jioni, Jogoo Road inasimama na nauli inapanda. Akifika mlangoni saa mbili na nusu usiku ana njaa ya kula ila hana nguvu ya kusimama mbele ya jiko. Hapo ndipo chipsi zinaposhinda, na tusidanganyane kwamba ni utamu tu. Chipsi zinashinda kwa sababu haziachi sufuria ya kuosha.

Ndiyo maana siamini kwamba mtu wa namna hii anahitaji mapishi mapya. Chakula cha haraka chenye afya kipo Nairobi tayari, na sehemu yake ngumu imeshafanywa na mtu mwingine mchana kutwa, juu ya jiko la makaa kando ya barabara. Inauzwa kwa kikombe. Kinachotuzuia ni aibu.

Namzungumzia mama wa githeri, ule mchanganyiko wa mahindi na maharagwe. Katika mitaa mingi ya Eastlands, na kule Kangemi na Kawangware pia, kuanzia alasiri utamkuta na sufuria zake zimefunikwa: githeri hapa, maharagwe pale, siku nyingine ndengu au njahi, yale maharagwe meusi. Vimechemshwa tu, havijakaangwa. Unasema unataka vikombe vingapi, anakupimia, unaenda zako. Kwa wengi wetu tusio na friji, au tulio na friji lakini tokeni za stima huisha katikati ya wiki, sufuria ya mama huyu ndiyo friji ya mtaa. Ule ushauri wa kupika Jumapili chakula cha wiki nzima uliandikwa na mtu ambaye umeme wake haukatiki.

Lakini jaribu kuonekana na hayo maharagwe na shemeji yako. Kuna imani, na haisemwi waziwazi, kwamba mwenye nyumba anayejiheshimu huchemsha mwenyewe. Mwanamke hasa. Mwanamume akinunua githeri ya kuchemshwa anaitwa mjanja, mwanamke akinunua anaulizwa kama siku hizi hapiki. Sijawahi kuelewa mantiki yake. Mkate tunanunua na hakuna anayeuliza kwa nini hatukuoka. Unga tunanunua, wala hakuna anayetudai jiwe la kusagia. Maharagwe ndiyo yamebebeshwa heshima ya familia.

Na kuchemsha maharagwe si jambo dogo. Makavu ambayo hayakulowekwa yanaweza kukaa motoni saa mbili, hata tatu, na meko ya gesi ya kilo 6 haikununuliwa kwa mchezo huo. Huwezi pia kukatiza njia. Maharagwe, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili ambayo huondoka yakilowekwa, maji ya kulowekea yakamwagwa, kisha yakachemka kwa nguvu walau dakika 10 kabla ya kupunguziwa moto ili yaive. Moto wa uvivu hauiondoi. Anayekula maharagwe magumu kwa sababu gesi inaisha anaweza kujiletea kutapika usiku kucha. Kwa hiyo kumlipa mtu aliyekaa na moto huo mchana kutwa naona ni busara ya matumizi.

Nina masharti yangu, lakini. La kwanza ni magadi. Wengine huyatia ili nafaka ziive upesi, na magadi huua baadhi ya vitamini, hasa B1, tena huongeza sodiamu usiyoiona. Muulize tu, hatakasirika, na kama ni mteja wake wa kila siku atakuambia kweli. La pili ni chombo. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, lakini karatasi za nailoni bado zinazunguka, na sioni kwa nini chakula kinachofuka moshi kiingie humo. Beba kopo lako lenye kifuniko. Linaingia kwenye mkoba, na mama atakuongezea kidogo kwa sababu umemwokolea mfuko. La tatu, nunua cha usiku huo. Ukibakisha, kiingie kwenye baridi mapema, na kesho kichemke kweli kabla ya kuliwa. Kupasha juu juu hakutoshi.

Baada ya hapo kazi ya nyumbani ni kukaanga. Kitunguu kimoja, nyanya mbili au tatu, karoti iliyoparuzwa, hoho kama ipo, dania mwishoni. Maharagwe yaingie na supu yake kidogo. Hapo, kweli, ni dakika kumi na tano, na hazina uongo.

Sukuma nayo ikatwe na mama mboga. Sukuma ya shilingi 20 au 30 inakatwa mbele yako, nyembamba kuliko utakavyoweza wewe ukiwa umechoka, huku unapewa habari za mtaa bila malipo. Omba jambo moja tu: majani yaoshwe kabla ya kukatwa. Yakioshwa baada ya kukatwa nyembamba vile, sehemu ya vitamini C yake inaondoka na maji, ukiacha yawe machafu unajua mwenyewe kwamba baadhi ya mboga za jiji hili humwagiliwa maji yasiyo salama. Kama jioni foleni huwa ndefu, mwachie pesa asubuhi, ukirudi ukute mfuko umefungwa.

Sasa niseme kuhusu jambo ambalo nimegombana nalo na watu wengi: mpangilio wa kazi kwenye meko yenye moto mmoja. Wengi wetu hupika mboga kwanza, tunaifunika, halafu tunasonga ugali. Hoja yao ni kwamba ugali unapaswa kufika mezani ukiwa moto. Sawa, lakini tazama kinachotokea kwa sukuma. Inakaa chini ya kifuniko ikijipika kwa mvuke wake, dakika ishirini zaidi, na unapofunua imekuwa ya rangi ya kaki, imelegea, inaelea kwenye maji. Hapo mtu huongeza kijiko cha viungo vya pakiti ili irudishe ladha iliyouawa na kifuniko.

Geuza. Anza na ugali. Ukishaiva uugeuze kwenye sahani, uufunike na sufuria yake ileile ya moto, au uutie kwenye hotipoti. Utakaa nusu saa bila kupoa. Mboga ije ya mwisho: kitunguu, nyanya, chumvi kidogo, sukuma iingie moto ukiwa juu, ugeuze kwa dakika tatu au nne, uzime ikiwa bado kijani na inalia kidogo kwenye meno. Wako watakaosema haijaiva. Waache waseme, watazoea. Ukikamulia limau juu yake utaisaidia pia kazi nyingine, maana vitamini C huusaidia mwili kunyonya madini ya chuma yaliyo kwenye mboga na maharagwe. Chai nayo hufanya kinyume: ile ya rangi inayoteremshia ugali huzuia chuma hichohicho. Iahirishe saa moja. Najua naomba mengi.

Na hivyo viungo vya pakiti na vya mchemraba, sehemu kubwa yake ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, kwa milo yote. Mchemraba mmoja kwenye sufuria ya watu wawili, chumvi juu yake, kisha kachumbari yenye chumvi pembeni, unaweza kuwa umeshavuka kabla ya kulala. Kitunguu kilichoachwa kikawa cha kahawia, tangawizi, saumu na dania hufanya kazi hiyohiyo bila kukupandishia presha.

Mboga za kienyeji ni habari nyingine, na nazipenda kuliko sukuma. Terere, managu, kunde, saga. Zamani ziliitwa chakula cha maskini, na zimerudi kwenye soko la jiji kwa kiasi fulani kutokana na kazi ya watafiti kama Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa chuo kikuu cha JKUAT, aliyezitetea kwa miaka mingi kwamba zina madini na vitamini kuzidi kabeji tunayoipa heshima. Kikwazo chake kwa mtu wa saa mbili usiku ni kuchambua. Managu ina vijiti vyake, na kuchambua fungu moja kunakula muda kuliko kulipika. Tafuta mama mboga anayekuuzia iliyochambuliwa. Ukimkosa, chukua terere changa, ambayo huchambuliwa upesi na kuiva ndani ya dakika tano hivi. Managu iwe ya Jumamosi, na maziwa juu yake.

Jioni ambayo mama wa githeri hayupo, kamande ndiyo jibu. Haihitaji kulowekwa na huiva kwa nusu saa au pungufu, tofauti na wengi wa jamaa zake wa jamii ya maharagwe. Iweke motoni kabla hujavua viatu, ukimaliza kuoga inakaribia. Kuna pia omena, ambao naona wameonewa kwa sababu ya harufu. Waoshe kwa maji ya moto mara mbili, wakaange wakauke vizuri kabla ya kutia nyanya, ukamulie limau. Unawala na mifupa yao, kwa hiyo unapata kalsiamu pamoja na protini, na wakiwa wakavu, kabla hawajapikwa, hukaa wiki kwenye chombo kikavu bila friji. Majirani wa ghorofa watajua umepika nini. Hilo siwezi kukusaidia.

Mayai nayaacha ya mwisho kwa sababu kila mtu anayajua. Nitasema tu kwamba mayai mawili yaliyovurugwa na nyanya, kitunguu na sukuma iliyobaki, pamoja na nusu parachichi, ni mlo kamili, na smokie (soseji) mbili za kibandani zenye kachumbari haziwi mlo hata kachumbari iwe nyingi namna gani.

Asubuhi ni rahisi zaidi, ila tumeizoesha mkate. Nduma na viazi vitamu vinaweza kuchemka wakati ule ule unapokula chakula cha usiku, meko ikiwa imeshaachiliwa. Havikuhitaji. Vinaiva peke yake huku unatazama habari. Vikipoa vifunike, na alfajiri unakula na chai au unafunga kwenye kopo uende nalo. Ukiwa na chupa ya uji wa wimbi hutapita kwa muuza mandazi pale steji, au utapita lakini utanunua moja.

Kuna watu watasema haya yote bado ni kazi. Ni kweli, na katika nyumba nyingi kazi hiyo ni ya mtu mmoja, ambaye pia ametoka kazini. Mapishi hayatalitatua hilo. Kinachosaidia, nilivyoona katika nyumba zinazokula vizuri bila kelele, ni kwamba anayeshuka kwanza kwenye matatu ndiye anayepitia kwa mama wa githeri na mama mboga, awe baba, mama au kijana wa chuo. Haihitaji ujuzi wa upishi kubeba kopo la maharagwe na mfuko wa sukuma iliyokatwa. Anayefuata anasonga ugali. Asiyefanya lolote kati ya hayo, sufuria ni zake, na azioshe usiku huohuo kabla maji hayajapotea tena.