Ruhusa ya kukopa si msaada

Februari 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba halmashauri 30 za England zitapata kile inachokiita msaada wa kipekee wa kifedha. Ukisikia hivyo utadhani Hazina imefungua mkoba. Kumbe kilichotolewa ni ruhusa: ruhusa ya kukopa, au kuuza ardhi na majengo, ili kugharimia matumizi ya kila siku ambayo kwa kawaida sheria inakataza kuyalipia kwa mkopo. Mwaka mmoja nyuma halmashauri za namna hiyo zilikuwa 19.

Hilo neno "msaada" linanikera. Mtu aliyeishiwa ukimwelekeza kwa mkopeshaji, hujamsaidia bado.

Sina ugomvi na mikopo yenyewe. Halmashauri hukopa ili kujenga nyumba za kupangisha, na nyumba inakaa miaka 60 na zaidi, kwa hiyo ni haki wanaoiishi leo na watakaoiishi kesho waichangie wote. Serikali kuu imekuwa ikikopesha kwa kazi za umma tangu 1793, na siku hizi halmashauri inaweza kukopa Hazina kwa muda wa hadi miaka 50. Mpango huo ni mzuri. Lakini hebu tupige hesabu.

Tuseme nyumba moja imegharimu pauni 200,000, zote za mkopo, riba asilimia 5, miaka 50. Rejesho ni kama pauni 913 kwa mwezi. Mpangaji akitozwa pauni 100 kwa wiki, kwa mwezi analeta kama 433, na humo humo kuna paa la kutengeneza na boila ya kubadilisha. Juni 2023 Hazina ilipunguza riba ya mikopo ya nyumba za halmashauri kwa pointi 0.4 za asilimia, yaani kama kutoka 5 hadi 4.6. Kwa nyumba yetu hiyo, nafuu ni kama pauni 56 kwa mwezi. Naishukuru, ila pengo liko pale pale. Halmashauri iliondolewa ukomo wa kukopea nyumba mwaka 2018, na bado haijengi kwa kasi inayotakiwa. Hesabu hii ndiyo sababu mojawapo.

Waliotangulia walilijua hili. Sheria ya nyumba ya mwaka 1919 iliitaka halmashauri ibebe hasara kwa kiwango kidogo tu, mapato ya kodi ya peni moja kwa kila pauni ya thamani ya majengo yanayotozwa kodi, na hasara iliyozidi hapo ikawa mzigo wa Hazina. Chini ya sheria hiyo ndipo ulipoanza mtaa wa Becontree, mashariki mwa London, mwaka 1921. Hadi katikati ya miaka ya 1930 ulikuwa na nyumba takribani 26,000. Huo ndio ninaouita msaada. Mkopo ulikuwepo, na mwenye mfuko mnene alisimama nyuma yake.

Najua nitaambiwa habari za Woking, na ni haki niambiwe. Mji wa watu laki moja hivi, Juni 2023 ukakiri kwamba hauwezi kusawazisha bajeti, huku ukidaiwa pauni bilioni 1.8, nyingi zikiwa zimezama kwenye maghorofa, maduka na hoteli. Madiwani waliopitisha miradi ile wana la kujibu. Lakini sehemu kubwa ya fedha ilitoka kwa serikali yenyewe, ambayo miaka yote hiyo ilikuwa ikikopesha bila kuhoji sana fedha zinakwenda wapi. Masharti ya kuzuia mikopo ya kununua majengo kwa ajili ya faida yalikuja Novemba 2020, maji yakiwa yameshamwagika.

Kinachonitia uchungu zaidi ni kukopea hoteli za watu wasio na makazi. Sheria inasema familia yenye watoto isiwekwe kwenye chumba cha hoteli kupita wiki sita. Halmashauri isiyo na nyumba za kuwapa hukodi vyumba hivyo kwa bei ya usiku kwa usiku, fedha zinakauka, kisha inapewa ruhusa ya kukopa kuziba pengo. Mkopo wa aina hiyo unaweza kurejeshwa kwa miaka 20. Mtoto aliyelala chumba kile akiwa na miaka mitatu atakuwa na 23, analipa kodi, na sehemu ya kodi yake bado inalipia usiku ule.