Shemeji, Haisaidii Kitu

Jumapili iliyopita niliweka picha kwenye status. Moja tu, wala sina mazoea hayo. Pikipiki imeegeshwa juu Raticosa, njia ya mlimani hapa Italia, jua la saa kumi limelala kwenye tangi, nyuma yake milima ya Apenini. Sikuandika neno. Haikufika robo saa shemeji akaniletea voisi ya dakika tatu na sekunde kumi na mbili. Mtu huyu nikimtumia pesa hujibu kwa kidole gumba.

Ilianza kwa adabu zote. "Shemeji, hujambo, nimekiona chuma, mashallah." Halafu akashusha pumzi, nikajua linakuja. Kilinigharimu kiasi gani? Maana yeye keshaulizia, keshatazama mtandaoni, keshapiga mahesabu: Boxer nne mpya. Boxer nne, wape vijana wanne, kila jioni hesabu inaingia. Au kile kiwanja cha Tunguu, mwenyewe bado hajauza. "Kwa sababu, shemeji, tuseme ukweli, hicho kitu kinakusaidia nini?"

Nimeisikiliza mara nne. Nikajibu "hahaha sawa shemeji", kama sote tunavyojibu. Jibu lenyewe ni hili hapa.

Haisaidii kitu.

Nianze na mashtaka mimi mwenyewe, maana nayajua kuliko yeye. Ni Ducati 748, pikipiki ya Kitaliano ya mwaka 1999, mimi ni mkono wa tatu, na ni ya njano. (Najua. Mimi Simba damu, nimeingiza ndani chombo cha njano. Nyekundu iliyokuwapo ilinizidi kwa yuro mia nane. Rafiki zangu wa Yanga wameshayasema yote, msijisumbue.) Haina pa kuweka hata mkate. Vioo vyake vinakuonyesha viwiko vyako, basi. Unaipanda umeinama kama mtu anayetafuta pete uvunguni, na baada ya saa moja viganja vinakufa ganzi. Ekzosi zote mbili zimepita chini ya kiti, kwa hiyo mwezi wa saba hapa Bologna unakalia jiko. Na kuigeuza mahali pembamba ni kama kugeuza gari la ng'ombe katika vichochoro vya Mkunazini.

Pale kazini kuna Mmoroko ana Honda. Inawaka, inakwenda, inafika, anaifunga, anakwenda zake. Sijawahi kumwona kashika spana. Tukizungumza kwa akili, Mjapani ameshinda, kesi imefungwa. Tena nikiri na hili, ingawa linaniuma: zile ekzosi za chini ya kiti na ule mkono mmoja unaoshika gurudumu la nyuma, vitu ambavyo wapenzi wa Ducati huvitaja kama vimeshuka kutoka mbinguni, Honda walikuwa navyo kwenye pikipiki yao NR ya 1992, miaka miwili kabla ya Ducati kutoa 916, dada mkubwa wa hii yangu. Haya, nimesema. Hamtanisikia nikirudia.

Kinachonichefua zaidi kuliko voisi ya shemeji ni watetezi wetu. "Ina roho." Kila anayeuza pikipiki ya Kitaliano, awe na Ducati, Aprilia au MV Agusta iliyolala miaka mitatu kwenye banda la kuku, atakwambia ina roho. Taa haiwaki? Roho. Oili inavuja? Roho. Nyumbani tuna neno letu kwa chombo chenye tabia hizo, nalo si roho, ni mkweche. Mimi sikuipendea ubovu wake, na wala si mbovu. Mara pekee iliyokataa kuwaka ni baada ya mimi mwenyewe kuiacha kipupwe kizima bila kuitazama betri, na hata Boxer ingenifanyia hivyo hivyo.

Tena mimi nilimjua Mtaliano mwenye msaada kabla sijajua Italia iko wapi. Ami yangu alikuwa na Vespa. Unguja ya wakati ule nani hakuwa na ami mwenye Vespa? Asubuhi ilibeba watoto watatu wa madrasa, mchana gunia la mbata, jioni shangazi kakaa upande na buibui kaikunja mapajani. Ikigoma kuwaka ami aliilaza ubavu kidogo, akahesabu kimoyomoyo, akaisimamisha, akapiga kiki. Ikawaka. Ile ilisaidia. Iliundwa isaidie: 1946, nchi imepigwa mabomu, watu wanataka kufika kazini. Hata Ducati, ambao walianza 1926 kwa vipuri vya redio na kiwanda chao cha Borgo Panigale kikapigwa mabomu 1944, baada ya vita walianza na kijiinjini cha cc 48 cha kufunga kwenye baiskeli. Walikiita Cucciolo, mtoto wa mbwa, kwa jinsi kilivyobweka. Hayo yote shemeji angeyaelewa mara moja.

Sasa tazama walichokifanya watu hao hao walipopata nafasi ya kupumua.

Chukua valvu, vile vifuniko vinavyofunguka na kufunga njia za kuingiza mafuta na kutoa moshi ndani ya injini. Kwenye injini ya kawaida kamu, nundu inayozunguka, inaisukuma valvu ifunguke, springi inairudisha ijifunge. Miaka ya 1950 springi zilikuwa dhaifu. Injini ikizunguka kasi sana zinachelewa au zinakatika, na valvu ikichelewa inakutana na pistoni, hapo ni tanzia. Fabio Taglioni, mhandisi aliyeingia Ducati mwaka 1954, akaamua kwamba valvu haitaachiwa springi, itafungwa kwa nguvu: mkono mmoja wa kuifungua, mwingine wa kuifunga. Mwaka 1956 pikipiki yake ya cc 125 ikashinda mbio za Sweden siku ya kwanza kutolewa nje. Vizuri sana. Ila baadaye springi zikawa nzuri. Wajapani wakazifanya nzuri hata mtu husahau kwamba zipo. Haja ikaisha. Na Borgo Panigale wakaendelea na mikono yao miwili, mwaka baada ya mwaka, zaidi ya miaka hamsini. Injini yangu ina valvu nane, kwa hiyo fundi akifungua kupima nafasi zake anapima mara kumi na sita, mbili kwa kila valvu. Kumi na sita, na kila moja ina bei. Uliza inasaidia nini.

Au mchukue Massimo Tamburini. Mtu wa Rimini, biashara yake ya mwanzo ilikuwa mabomba ya kupasha nyumba joto. Akaanguka na Honda yake kwenye uwanja wa Misano, akavunjika mbavu, na alipopona, badala ya kumshukuru Mungu na kurudi kwenye mabomba, akaitengenezea ile Honda fremu yake mwenyewe. Huyo ndiye baadaye, katika karakana kule San Marino, aliyeichora 916 iliyotoka 1994, na 748 yangu ni mdogo wake, wamegawana mwili. Siku yoyote nyoosha kidole uanzie kwenye taa za mbele, pita juu ya tangi, shuka pale kiunoni anapoingia mpandaji, panda tena hadi mkiani. Kidole hakikwami. Kuna pahala chini ya tangi, panapokutana na kiti, pamebonyea kiasi cha goti kukaa, na pale hapaonekani na mtu yeyote ukishaipanda. Mtu alikaa akapachonga. Kwa ajili ya nani?

Ndipo nilipo mimi, shemeji. Usikimbie.

Niko huku mwaka wa kumi na moja. Naendesha foklifti kwenye ghala, zamu ya usiku, na silalamiki, kazi ni kazi. Lakini hakuna yuro iliyowahi kuingia mfukoni mwangu haina jina la mtu. Hii ni dawa ya presha ya mama. Hii ada. Hii bati. Hii mchango wa harusi ya mtu ambaye mara ya mwisho nilimwona ana miaka sita. Natoa, na nitaendelea kutoa, sitaki mtu aseme nimechoka na kwetu. Ila hebu niangalie vizuri: nawashwa jioni, nazunguka usiku kucha, asubuhi naleta hesabu. Boxer unayo tayari, shemeji. Ndiye mimi. Tena umeikuta imeshalipiwa.

Na Boxer hata siku moja haiulizwi ingependa nini.

Kwa hiyo nilipoiona hii njano, imeegemezwa ukutani kwenye gereji ya mzee mmoja kandokando ya Via Emilia, nilichoona hasa ni kitu ambacho waliokiunda walikataa kata kata kuulizwa swali lako. Mtu mzima, mwenye akili, mwenye wateja na madeni, alikaa akapindisha bati la tangi mpaka likaridhisha jicho lake, akijua kwamba pikipiki haitakwenda kasi zaidi kwa hilo. Nilikuwa sijawahi kumiliki kitu cha namna hiyo. Kila nilichonacho kilichaguliwa kwa sababu kinadumu, kinafuliwa, kinakunjika, kinatumika na watu wawili. Mzee akaiwasha.

Nikwambie ile sauti. Kwanza pampu ya mafuta, mlio mwembamba kama mbu. Halafu stata inahangaika, mzunguko mmoja, wa pili, unadhani betri imekwisha, mara inashika, na mlio wa ekzosi unakuja mzito, mmoja mmoja, una nafasi katikati. Juu yake kuna kelele nyingine kabisa: sufuria la vijiko linatikiswa. Hiyo ni klachi. Kwenye pikipiki nyingi sahani za klachi zinalala ndani ya oili, kimya. Hii klachi yake ni kavu, sahani zinagongana hadharani. Ukikamata klachi kwenye taa nyekundu ndiyo inazidi. Mwezi uliopita bibi mmoja mwenye kikapu cha baiskeli alisimama kando yangu, akanisikitikia, akanionyesha kwa kidole kwamba kuna kitu kimelegea. Nikamshukuru. Ningemweleza nini?

Nilitoa pesa siku hiyo hiyo, elfu nne na mia tano, akiba ya miaka mitatu, na njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nafanya mazoezi ndani ya helmeti ya uongo wa kumwambia mke wangu. (Alijua kabla sijazima injini. Akasema, "Rangi ya Yanga?" Basi, yakaisha hapo.)

Tangu hapo Jumapili moja moja, hali ya hewa ikikubali, natoka alfajiri na barabara ya Futa, ya kupanda milimani. Kona haziishi. Huko juu kwenye mlima kuna makaburi ya Wajerumani waliokufa vitani, zaidi ya elfu thelathini, safu juu ya safu za mawe kwenye majani mafupi. Kila mara nazima injini pale, sijui kwa nini, naona tu haya kupita na kelele zangu. Halafu Raticosa, kahawa, wazee na pikipiki zao. Hakuna anayeniuliza natoka wapi. Wananiuliza mikanda ya injini nilibadilisha lini. Kwa mtu aliyeulizwa anatoka wapi kwa miaka kumi na moja, swali la mikanda ni kama kukaribishwa chai.

Hali hiyo hiyo niliionja Desemba 2022, pale Piazza Maggiore, uwanja mkuu wa Bologna, baridi inakata masikio. Bagnaia wa Ducati alikuwa ametwaa ubingwa wa MotoGP, mbio kubwa za pikipiki duniani, Mtaliano juu ya pikipiki ya Kitaliano, jambo ambalo halikutokea tangu Agostini na MV Agusta mwaka 1972. Miaka hamsini. Karibu yangu mzee wa makamo ya ami alikuwa analia waziwazi, kashika mkono wa mjukuu. Na mimi machozi yalinitoka kidogo. Nilisingizia upepo.

Sasa, kabla hamjanirukia: ndiyo, ni biashara. Kiwanda kiko chini ya Audi tangu 2012, na wahasibu hawajalala. Klachi kavu imeondoka kwenye pikipiki zao nyingi, na injini yao mpya ya V2 imekuja na springi, zile zile alizozikimbia Taglioni. Wanasema ni nyepesi, haitaki fundi mara kwa mara, na nina hakika ni kweli. Imeanza kusaidia. Ningekuwa mhasibu ningefanya hivyo hivyo, halafu ningekosa usingizi.

Na ndiyo, ni ubinafsi. Mke wangu na mimi tunakaa vyumba viwili, na kodi ya gereji ingetosha kununua mengi. Hilo sina la kulijibu.

Jana usiku, kabla ya zamu, nilishuka gereji na kitambaa na maji ya uvuguvugu. Wadudu wa Raticosa walikuwa wamekauka juu ya taa za mbele. Unawalowesha kwanza, ukisugua kavu unakwaruza. Nilipomaliza nilikaa juu ya ndoo nikaitazama dakika kumi nzima, sikufanya chochote, simu nimeiacha juu. Nilipopanda nikakuta voisi nyingine ya shemeji, fupi. Ameuliza inakula mafuta kiasi gani. Halafu, baada ya kikohozi: "Hebu siku moja iwashe nisikie."

Nitaiwasha, shemeji. Ila ngoja mikanda ya taimingi ije mwezi wa tatu, imeshafika wakati wake. Pesa nimeshaiweka pembeni. Na kabla hujauliza: siyo ile ya bati, ya bati utaipata Ijumaa.