Ndimu, Chumvi na Spika la Mtaa

Mimi ugonjwa wangu ni kodiani, kile kinanda cha kukumbatia kifuani. Ikivuta pumzi tu, mguu unaacha pedeli ya cherehani wenyewe bila kuniomba ruhusa. Nimekulia kwenye taarabu ya Unguja ya zamani, ile ambayo kodiani na fidla zinajibizana kama mawifi waliokutana kisimani. Hizi za siku hizi za kinanda peke yake nazisikiliza nikialikwa, kwa adabu.

Kwa hiyo nilipokwenda Mwanga sokoni, hapahapa Kigoma, kununua nyuzi na zipu, nilipita kwenye kibanda cha kijana anayerusha nyimbo, nikampa memori kadi. Nikamwambia, mwanangu, nijazie taarabu yenye kodiani. Akanitazama, akatabasamu, akasema, "Mama, nina mzigo hapa, Ujiji nzima hakuna aliyenao." Maneno hayo yashike vizuri, maana ndiyo yaliyokuja kunitia wazimu.

Usiku nikafungua. Faili limeandikwa TAARABU KODIANI MPYA. Kodiani ipo, hapo sikudhulumiwa. Sauti ya mwanamke ipo, laini, haina haraka na mtu. Tatizo ni maneno. Mtu wa taarabu hasikilizi wimbo, anasikiliza nani anasemwa, na mimi nilikaza sikio nyimbo nzimanzima nikingoja mpasho utue, usitue. Nikajiambia hiki kitakuwa Kingazija cha Komoro. Ikabidi nimwite binti wa dada yangu, ambaye yuko chuo na intaneti haimtoki mkononi. Alisikiliza kidogo tu, akacheka mpaka akakaa chini. "Mama mdogo, hiki ni Kihispania."

Ndiye aliyenichimbulia habari zote. Mwimbaji ni Julieta Venegas, Mmexico, aliyezaliwa 1970 huko Long Beach, California, akakulia Tijuana, mpakani kabisa na Marekani. Kodiani anaipiga mwenyewe. Nikampenda palepale, maana mtu wa mpakani namjua hata nikiwa sijamwona: sisi wa Kigoma tuna Burundi huku na Kongo ng'ambo ya ziwa, tunazijua tabia zake. Albamu yenyewe inaitwa Limón y Sal, yaani ndimu na chumvi. Ilitoka 2006, na mwaka huohuo ikachukua tuzo ya Latin Grammy upande wa muziki mbadala, ile pop ya watu wasiotaka kufanana na pop. "Lakini ni ya zamani hii," binti akasema kwa huruma. Nikamjibu kwamba Kigoma ni mwisho wa reli, mzigo wetu hushushwa wengine wote wakishachukua ya kwao.

Basi nikazama. Nikawa nashona nayo, nakaanga migebuka nayo. Mteja mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini kama nimebadili dini.

Sasa ingia kwenye kisa. Ijumaa jirani alikuwa anamfunda binti yake, na kijana wa spika akaleta lile spika lake la kuburuta, lenye matairi na taa zinazokimbizana. Simu yake ikaisha chaji katikati ya shughuli, akinamama wakapiga kelele, "Tumia ya fundi!" Akaiunganisha ya kwangu kwa Bluetooth. Tukacheza, tukatoa jasho, spika likaburutwa likaenda zake. Ila simu yangu haikusahau. Hawa wanaozitengeneza wamezifundisha kumbukumbu mbaya: simu ikilikuta tena spika ililowahi kuunganishwa nalo, linashikwa hapohapo bila hodi.

Jumapili kukawa na mkutano wa mtaa chini ya mwembe ulio nyuma ya ukuta wa chumba changu cha kushonea. Ujiji tuna mahali pa mwembe maarufu, walipokutana Livingstone na Stanley mwaka 1871. Wetu si huo. Chini ya wetu hawajawahi kukutana watu wawili wakaelewana. Mwenyekiti alikuwa amekodi spika ili ajenda isikike: mchango wa taka, shilingi 2,000 kila nyumba.

Mimi nilikuwa nimetuma udhuru kwamba kichwa kinaniuma. Na kilikuwa kinauma kweli, kila nikiifikiria ile 2,000. Isitoshe nilikuwa na gauni la mke wa mwenyekiti mwenyewe, la harusi ya mdogo wake, analitaka jioni. Nikafunga mlango, nikashusha pazia, nikakaa kwenye cherehani, nikabonyeza wimbo wangu, sauti ndogo ya mgonjwa.

Kimya. Kioo kinaonyesha wimbo unatembea, sauti hakuna. Na papo hapo, nje, nikasikia kodiani.

Wa kwanza kumkumbuka alikuwa yule kijana wa Mwanga. Mwongo mkubwa! Ujiji nzima hakuna aliyenao, kumbe amewarushia hadi wajumbe wa mtaa. Nikasimamisha wa kwangu ili nisikilize vizuri nani anaupiga. Na wao wakasimamisha. Nikasema afadhali, wana heshima. Nikauanza upya. Na wao wakauanza upya. Nikaruka kwenda wimbo mwingine, wakaruka na mimi. Nikarudi nyuma, tukarudi wote.

Hapo sindano nikaiacha imesimama kwenye kitambaa. Mimi ni mzaliwa wa Ujiji, mambo ya hapa nimeyasikia mengi, ila jini anayejua kuchagua nyimbo za Mexico hakuna bibi aliyewahi kunisimulia. Nikasoma Ayatul Kursi. Nikaifunika simu kwa gauni la mke wa mwenyekiti. Nje kodiani inaendelea kucheka. Nikaamua basi sauti ya simu imeziba, inahitaji kusukumwa, nikaisukuma mpaka mwisho.

Yaliyokuwa yakitokea upande wa pili wa ukuta nimesimuliwa na Mama Mkubwa wa nyumba ya pili, ambaye si mtu wa kuongeza chumvi, ndimu labda. Anasema mwenyekiti alikuwa ndiyo kwanza ametamka "Ndugu wananchi, suala la taka," muziki ukaingia chini ya sauti yake. Maikrofoni haikuzimika, ikawa vyote viwili vinatoka pamoja. Alijikaza aendelee, lakini kodiani ina mwendo wake, na maneno yake yakaanza kuufuata bila yeye kupenda: kila nyumba, elfu mbili, kila mwezi, elfu mbili. Akinamama wa nyuma wakaanza kumwitikia, "Elfu mbili!" Akawatolea macho. Wakaitikia kwa nguvu zaidi.

Mgambo akatumwa azime spika. Akabonyeza kila alichokiona, taa zikabadilika rangi, kikatoka kijani, kikaja zambarau, muziki palepale. Kitufe cha kuzimia kiling'oka siku nyingi. Spika lile linaendeshwa kwa rimoti, na rimoti ilikuwa mfukoni mwa kijana, na kijana alikuwa ameenda kula.

Ikazuka hoja ya lugha. Mwalimu mstaafu akasimama akasema ni Kireno cha Msumbiji. Muuza dagaa wa Kibirizi akamkatalia, ni Kifaransa cha Bujumbura, yeye anakisikia kila boti ikitia nanga. Wakagawanyika, wenye Kireno huku, wenye Kifaransa kule, na mwenyekiti katikati na daftari lake la taka. Ndipo aliponyanyuka Babu Segere.

Babu Segere tulimpa jina hilo kwa sababu ya bendi ya Tabora Jazz na mtindo wao wa Segere Matata. Wimbo wao "Dada Asha" ameucheza mpaka goti la kushoto likaomba kustaafu. Alinyoosha mkongojo juu, watu wakanyamaza, jambo ambalo mwenyekiti alikuwa ameshindwa kulipata kwa maikrofoni.

"Kaeni chini," akasema. "Hicho ni Kihispania. Sisi tumekicheza Kihispania kabla mama zenu hawajatoboa masikio."

Akawapa darasa. Santuri za Wakuba, zenye herufi GV, zilianza kuingia Kongo miaka ya 1930. Wanamuziki wa Leopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, wakazipenda, wakazinakili zote na maneno yake, wakawa wanaimba mi amor na corazón, mpenzi wangu na moyo, bila kujua wanamwahidi nani kitu gani. Na kodiani walikuwa nayo, Camille Feruzi alikuwa akiipiga watu wanaacha chakula. "Huu wimbo ni wetu," Babu akamalizia, "ulipitishiwa mbali tu." Mwalimu akasema bado ni Kireno. Babu akampa mgambo mkongojo amshikie, akaingia katikati, akaanza kukanyaga cha-cha-cha ya taratibu, mikono imekunjwa kifuani, macho amefumba. Wazee wengine wawili wakamfuata. Mwenyekiti akasema kwenye maikrofoni, "Ndugu wananchi, taka." Hakuna aliyegeuka.

Ndani, mimi sijui lolote. Nilikuwa bado naiuguza simu. Nikawaza, nijaribu na kitu kingine: dada yangu aliye Tabora alikuwa amenitumia ujumbe wa sauti asubuhi, sijaufungua. Kama na huo hautoki, basi kesho simu inakwenda kwa fundi wake.

Nikabonyeza.

Dada yangu hajawahi kunong'ona tangu azaliwe. Muziki ukakatika, na chini ya mwembe, juu ya vichwa vya mtaa mzima, kwenye spika lililosukumwa mpaka mwisho, ikatoka sauti yake:

"We mdogo wangu, lile gauni la mke wa mwenyekiti usilitoe! Hata uzi usimpe! La Idi hajakulipa, la Maulidi hajakulipa, leo tena la harusi? Za taka wanajua kukusanya, za fundi mikono imepooza? Alete hela kwanza! Na wewe na hicho kichwa chako kinachouma kila siku ya mkutano, hao watu watakuamini mpaka lini? Haya, nisalimie watoto."

Safari hii nilimsikia. Nilimsikia akipitia ukutani, dirishani, na chini ya mlango. Nikatazama simu, nikatazama ukuta, na akili ikanirudia yote kwa mkupuo.

Nje palikuwa kimya, halafu pakalipuka kicheko ambacho kiliwatoa watu hadi nyumba za barabarani. Na muziki, kwa kuwa ujumbe ulikuwa umekwisha, ukarudi wenyewe ulipoachia.

Nikatoka mbio na simu mkononi, gauni begani, nia yangu ikiwa kuipeleka simu mbali na binadamu. Kijana wa spika ndiyo anarudi, mdomo una mafuta, ananipigia kelele, "Mama fundi, zima Bluetooth!" Nikamjibu simu yangu ni mbovu, haina sauti. Nilisema hivyo kodiani ikiwa inalia mtaa mzima. Nikashika njia. Bluetooth ya simu hizi haivuki sana mita kumi, kwa hiyo nilipofika kwenye tanuri la muuza mandazi muziki ukaanza kukatika vipandevipande, Babu Segere akakosea hatua, akafungua macho. "Rudisheni huyo!" Watoto wakaelewa haraka kuliko wakubwa. Wakanishika khanga, wakawa wananivuta nyuma hatua mbili muziki unarudi, nawaburuta mbele hatua mbili unakatika, na wanaocheza wanasimama na kuanza, wanasimama na kuanza, mpaka kijana akaikumbuka rimoti yake.

Kimya kilipopatikana, nilikuwa nimesimama mbele ya mkutano ambao nilikuwa nimeutolea udhuru. Mke wa mwenyekiti alikuwa amekaa mkeka wa mbele. Mwanamke yule ana moyo, lazima nimpe haki yake. Alijitanda mtandio vizuri, akaniuliza mbele ya watu wote:

"Fundi, gauni langu limekwisha?"

"Limekwisha, mama," nikamwambia. "Limebaki malipo."

Mwenyekiti akatia mkono mfukoni. Sauti ikatoka nyuma, ya mwanamke, sijui nani na hata ningejua nisingesema: "Isitoke kwenye za taka!" Akautoa mkono ukiwa mtupu, akautia mfuko wa upande wa pili.

Muhtasari wa kikao ulibandikwa kesho yake kwenye mlango wa ofisi ya mtaa. Katibu wetu ni kijana mwaminifu mno, anaandika kila kitu. Ajenda ya kwanza, kufungua kikao: kilifunguliwa. Ajenda ya pili, mchango wa taka: haikujadiliwa kutokana na kodiani. Ajenda ya tatu, mengineyo: wajumbe walitofautiana kuhusu lugha ya wimbo, Kireno kura 14, Kifaransa kura 11, Kihispania kura 1 ya Babu Segere, deni la magauni matatu litalipwa kwa awamu, mgonjwa wa kichwa aonekane kikao kijacho na simu yake aiache nyumbani. Kifungu cha mwisho kiliongezwa kwa kalamu nyingine, kwa mwandiko wa mtu mzima unaopanda mlima: mjumbe anaomba iandikwe kwamba simu ya fundi iachwe nyumbani, lakini dirisha liwe wazi.